KOMPYUTA MBILI, NYUMBA MOJA: TUFANYE NINI FAILI ZINAPOKATAA KUPITA?



Ndugu msomaji, tunapenda tukuletee somo fupi la kompyuta ambalo linawahusu wanafunzi na wazazi kwa pamoja. Siku hizi si ajabu kukuta nyumba ya kawaida hapa Kambarage, au kwingineko Shinyanga mjini, ina kompyuta zaidi ya moja. Ipo ya mezani sebuleni yenye printa, ipo laptopu ya mwanafunzi wa sekondari au chuo, na pengine ipo ya mzazi mwenye duka anayeweka humo hesabu zake. Watu wa nyumba hiyo huziunganisha ili folda iliyo katika kompyuta moja ifunguliwe katika nyingine. Hapo darsa zilizorekodiwa, maswali ya mitihani iliyopita na picha za familia hukaa mahali pamoja na kila mtu akafaidika.

Mambo huenda vizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu folda haionekani, au inaonekana lakini ukiigusa inagoma. Wengi wetu hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huzima kila ulinzi ili mradi faili zipite. Wengine huibeba kompyuta hadi kwa fundi, na fundi akiwa na haraka anaipiga Windows upya, nayo yaliyokuwemo yanapotea. Kumbe mara nyingi tatizo lilikuwa dogo, na mwenye nyumba angelimaliza kwa robo saa tu kama angejua aanzie wapi.

Katika makala hii tutaonyesha, Inshaallah, namna ya kutafuta tatizo kwa mpangilio. Tutaeleza pia kwa nini si busara kubomoa ukuta kwa sababu umepoteza ufunguo.

MTANDAO WA NYUMBANI SI INTANETI

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi hudhani kwamba faili ikitoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani inakula bando. Hapana. Ruta ya nyumbani ina kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuunganisha vifaa vya ndani, na kazi ya pili ni kuvitoa nje kwenye intaneti. Faili inayosafiri ndani ya nyumba inaishia kwenye ruta na kurudi. Hata bando likiisha kabisa, kompyuta zenu zinaweza kuendelea kupeana faili maadamu ruta ina umeme.

Tena huenda kwa kasi. Waya wa mtandao wa kiwango cha kawaida cha megabiti 100 kwa sekunde hupitisha karibu megabaiti 12 kila sekunde, yaani gigabaiti moja kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Na flashi haihitajiki, ile inayotoka kwa rafiki, ikapita stesheneri, ikarudi nyumbani imebeba virusi.

MAMBO SITA YA KUANGALIA KWA ZAMU

Ndugu msomaji, mfano mzuri wa kompyuta mbili zinazopeana faili ni mgeni anayekwenda kumtembelea mwenyeji wake. Ili mgeni afike hadi ndani, lazima iwepo njia, awe na namba ya nyumba, alijue jina la mwenyeji, akute mlango wenye kupitika, aongee lugha inayoeleweka, kisha apewe ufunguo wa chumba. Likikosekana moja, safari haikamiliki. Na ukianza na ufunguo ilhali njia yenyewe haipo, utahangaika siku nzima bure.

Tutaita kompyuta yenye faili "mwenyeji", na ile inayoomba tutaiita "mgeni". Maelezo yetu yanahusu Windows, kwa kuwa ndiyo iliyoenea majumbani.

1. Njia

Anza na kinachoonekana kwa macho. Je, mwenyeji amewashwa? Kompyuta nyingi hulala zenyewe zikiachwa bila kuguswa, na kompyuta iliyolala haimjibu mgeni. Kama laptopu ndiyo mwenyeji, kufunga kifuniko chake mara nyingi kunailaza. Nenda kwenye mipangilio ya umeme uiamuru isilale wakati imechomekwa.

Kisha angalia waya. Pale waya unapoingia kwenye ruta au swichi, kwa kawaida kuna kitaa kidogo kinachowaka au kupepesa. Kisipowaka, chomoa uchomeke tena, au jaribu tundu jingine na waya mwingine. Vumbi la kiangazi huku kwetu huingia katika matundu hayo, na panya nao huutafuna waya uliopita darini.

Kwa wanaotumia waifai, hakikisheni kompyuta zote mbili zipo kwenye waifai ya ruta moja. Hutokea moja ikawa kwenye ruta na nyingine imejishika kwenye simu ya mtu bila wenyewe kujua. Vilevile ruta nyingi zina waifai ya pili ya wageni. Kwa kawaida hiyo hutengenezwa makusudi ili anayeitumia apate intaneti tu, asizifikie kompyuta za ndani. Ukijiunga nayo utafungua tovuti vizuri kabisa, lakini folda ya nyumbani hutaiona.

2. Namba

Kila kifaa kwenye mtandao hupewa namba yake. Ili kuiona, fungua ule ubao mweusi wa kuandikia amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika ipconfig na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Katika mistari itakayotokea, tafuta ule wa IPv4. Majumbani namba hiyo mara nyingi huanza na 192.168, kwa mfano 192.168.1.10. Fanya hivyo kwa kompyuta zote mbili na uziandike namba pembeni.

Sasa zilinganishe. Yapo mambo matatu unayoweza kuyakuta:

(a) Mafungu matatu ya mwanzo yanafanana, mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.14. Hao ni majirani wa mtaa mmoja. Endelea na hatua inayofuata.

(b) Mafungu hayo yanatofautiana, mfano 192.168.1.10 na 192.168.0.7. Kwa mitandao ya nyumbani, mara nyingi hii maana yake ni mitaa miwili tofauti. Hutokea pale nyumba inapoongezewa ruta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma, na ruta hiyo ikaanza kugawa namba zake yenyewe. Dawa ni kuiweka ruta ya pili iwe kituo cha kupitishia waifai tu, na kazi ya kugawa namba ibaki kwa ruta ya kwanza.

(c) Namba inaanza na 169.254. Hiyo kompyuta imejipa namba yenyewe kwa sababu haikupata jibu la ruta. Rudi hatua ya kwanza, kisha zima ruta, subiri dakika moja, uiwashe tena.

Hapa pana jambo linalowasumbua wengi. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kugawa namba upya, na mwenyeji aliyekuwa 10 jana akawa 13 leo. Aliyezoea kumfuata kwa namba ya jana atakuta patupu na kudhani kompyuta imeharibika. Ili kuepuka hali hiyo, ingia kwenye mipangilio ya ruta umtengee mwenyeji namba moja ya kudumu. Ruta nyingi zina nafasi hiyo.

Ukishajua namba, mpigie mwenyeji hodi. Kwenye ubao ule wa amri andika ping, acha nafasi, kisha namba yake. Akijibu, utaona mistari minne inayoonyesha muda uliotumika, na hapo umethibitisha kuwa njia na namba ni sawa. Asipojibu usikate tamaa mapema, kwani ngome ya kompyuta inaweza kuwa imemzuia asiitikie hodi za namna hiyo. Jambo hilo tutaliona katika hatua ya nne.

3. Jina

Kila kompyuta ina jina pia, na kwa kawaida tunaitafuta kwa jina. Sasa jaribu hivi: fungua dirisha la faili, na kwenye mstari wa juu wa anwani andika namba ya mwenyeji ikitanguliwa na mistari miwili ya mshazari, namna hii: \\192.168.1.10. Folda zikitokea, basi mtandao wenu ni mzima na kilichopotea ni jina tu. Tengeneza njia ya mkato yenye hiyo namba ya kudumu, na kazi imekwisha.

Kwa nini jina lipotee? Zamani kompyuta za Windows kwenye mtandao mdogo zilichagua moja kati yao itunze orodha ya wenzake. Ilikuwa kama balozi wa nyumba kumi, anayezijua kaya zote zilizo chini yake. Kompyuta hiyo ikizimwa, orodha ilichelewa kusahihishwa, na kompyuta iliyo hai ikaonekana kama haipo. Utaratibu huo ulitegemea lugha ya zamani ambayo tutaieleza katika hatua ya tano, na lugha hiyo ilipoanza kuondolewa, balozi naye akaondoka. Siku hizi kila kompyuta hujitangaza yenyewe, na kama tangazo limezimwa haitaonekana kwenye orodha hata kama inafikika. Kwa hiyo kutoonekana si dalili kwamba haipo.

Angalia pia kompyuta mbili zisiwe na jina moja. Hili hutokea kwa kompyuta zilizonunuliwa pamoja zikiwa zimetumika, ambazo ziliwekewa Windows kwa kunakili kutoka diski moja.

4. Mlango

Kompyuta ina ngome inayoamua nani aingie. Windows hugawa mitandao katika makundi mawili. Kundi la kwanza huandikwa "Private", yaani mtandao wa nyumbani unaouamini. La pili huandikwa "Public", yaani mtandao wa mahali pa watu wengi kama hotelini au stendi. Kwenye kundi la pili kompyuta hujificha na kukataa wageni, na ndivyo inavyotakiwa.

Mara nyingi tatizo huwa hapa. Ulipobadilisha ruta, au Windows ilipojisasisha, mtandao wa nyumbani uliwekwa kwenye kundi la "Public". Fungua mipangilio, nenda sehemu ya mtandao, gusa jina la mtandao wenu, na uchague "Private". Kisha kwenye mipangilio ya kushirikiana, ruhusu kompyuta kuonekana na kushirikiana faili na printa kwa mtandao wa "Private" peke yake. Usiguse sehemu ya "Public".

Kama una programu ya kuzuia virusi uliyoiweka mwenyewe, nayo inaweza kuwa na ngome yake. Iambie vilevile kwamba mtandao wa nyumbani ni wa kuaminika. Usiizime.

Tunao pia wazazi wanaofanya kazi kwenye migodi ya Geita na Kahama, ambao hurudi nyumbani na laptopu ya kazini. Laptopu ya namna hiyo inaweza kuwa imefungwa na mwajiri ili isitoe wala kupokea faili kwenye mitandao mingine. Ikikataa, iacheni. Hiyo ni amana ya watu, na kufuli lake si lenu kulivunja.

5. Lugha

Ngome ikiwa sawa na bado mgeni anakataliwa, huenda hawaelewani lugha. Lugha ambayo Windows hutumia kupeana faili inaitwa SMB. Chimbuko lake ni kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanafunzi mmoja wa Canberra, Australia, Andrew Tridgell, alianza mwishoni mwa mwaka 1991 kuandika programu iliyowezesha kompyuta zisizo za Windows kuongea lugha hiyo. Programu hiyo baadaye iliitwa Samba. Jina hilo alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B. Mpaka leo Samba inatumika kwenye Linux, na hata ndani ya vifaa vingi vidogo vya kuhifadhia faili.

Lugha hiyo ina matoleo. La kwanza, SMB1, ndilo pekee linalojulikana na Windows XP ya mwaka 2001. La pili lilikuja na Windows Vista, na la tatu likaja na Windows 8 mwaka 2012. Kuanzia Oktoba 2017, Microsoft ilianza kuliondoa toleo la kwanza kwenye Windows 10. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani ya XP akijaribu kuiunganisha na laptopu mpya, zitakuwa kama watu wawili wasio na lugha ya pamoja. Vivyo hivyo, ule mpango wa HomeGroup ulioanza na Windows 7 mwaka 2009 uliondolewa mwaka 2018, hivyo maelekezo ya zamani yanayoutaja hayafanyi kazi tena kwenye Windows mpya.

Aidha, Windows 11 Pro katika toleo lake la mwaka 2024 haikubali kuingia kwa mwenyeji kama mgeni asiye na jina wala neno la siri. Ndiyo maana baadhi ya ruta zenye tundu la flashi, ambazo zilizoea kumfungulia kila mtu, ghafla ziligoma kwa laptopu mpya. Tiba ni kuiwekea ruta hiyo jina na neno la siri, ikiwa inaruhusu.

Utawasikia watu wakishauri urudishe SMB1 ili kazi iende. Usifanye haraka ya kuukubali ushauri huo. Sababu tunazieleza hapa chini.

6. Ufunguo

Hatua ya mwisho ni jina na neno la siri. Makosa manne hujirudia sana hapa.

Kosa la kwanza ni mgeni kuandika jina na neno lake mwenyewe. Kinachotakiwa ni jina na neno la siri linalotambuliwa na kompyuta ya mwenyeji.

Kosa la pili ni kuandika zile tarakimu chache unazotumia kufungulia kompyuta kila asubuhi. Tarakimu hizo zinafanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu, hazipiti kwenye mtandao. Linatakiwa neno la siri kamili.

Kosa la tatu ni mwenyeji kutokuwa na neno la siri kabisa. Kwa kawaida Windows hukataa mtu kuingia kupitia mtandao kwa jina lisilo na neno la siri. Njia nzuri ni kutengeneza kwenye kompyuta ya mwenyeji jina la pekee kwa ajili ya kazi hii, tuseme "familia", na kulipa neno lake la siri.

Kosa la nne ni ufunguo wa zamani. Kompyuta ya mgeni ikishahifadhi neno la siri, huendelea kulitumia hata baada ya mwenyeji kulibadilisha. Nenda sehemu inayoitwa "Credential Manager", ulifute la zamani, uandike jipya.

Ukiingia ukaiona folda lakini ukaambiwa huna ruhusa, kumbuka kwamba folda ina malango mawili. Lipo la kushirikiana, linaloandikwa "Sharing", na lipo la usalama wa diski, linaloandikwa "Security". Mgeni hupewa ruhusa iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Ukimruhusu kuandika kwenye lango la kwanza na kusoma tu kwenye la pili, atasoma tu.

DALILI NA PA KUANZIA

Kwa mwenye haraka, huu hapa ni muhtasari:

- Hakuna intaneti wala folda: anza na njia, kisha namba.
- Intaneti ipo, folda haipo: angalia waifai ya wageni, ruta ya pili, na kundi la mtandao.
- Haionekani kwenye orodha lakini inafunguka kwa namba: tatizo ni jina tu.
- Inatokea alama ya kosa 0x80070035: mgeni hakufika kwa mwenyeji. Pitia hatua ya kwanza mpaka ya tano.
- Inadai neno la siri kila mara na kulikataa: nenda moja kwa moja hatua ya sita.
- Inaonekana lakini inasema huna ruhusa: angalia malango mawili ya folda.

KWA NINI TUSIFUNGUE KILA KITU?

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye uzito wa makala yetu. Anayezima ngome, akarudisha SMB1 na kumruhusu kila mtu kwenye kila folda, huenda kweli akaona faili zinapita. Lakini hakutibu ugonjwa, ameondoa mlango wa nyumba.

Mwezi Novemba 2008 kilionekana kirusi kilichoitwa Conficker. Kilienea kupitia udhaifu wa Windows ambao dawa yake ilikuwa imeshatolewa mwezi mmoja kabla, na pia kupitia flashi na folda za mtandao zenye maneno ya siri mepesi. Kisha Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 likaja balaa la WannaCry. Programu hiyo ilipita kwenye udhaifu wa SMB1, ikatoka kompyuta moja kwenda nyingine bila mtu kubonyeza chochote, ikafunga faili za watu na kudai fedha ndipo zifunguliwe. Ndani ya siku chache ilifika nchi zipatazo 150 na kompyuta zaidi ya 200,000. Baadhi ya hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Na dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi 2017, miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa hawajaiweka.

Tunachojifunza hapo ni kwamba kompyuta moja isiyosasishwa ni hatari kwa nyumba nzima. Msaada wa Windows XP uliisha Aprili 2014, wa Windows 7 ukaisha Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta ya XP ambayo bado anaipenda, aiache nje ya mtandao na achukue faili zake kwa flashi iliyokaguliwa. Mwenye kompyuta inayoiweza Linux ya kisasa anaweza kuiweka hiyo pamoja na Samba, na ikaongea na Windows mpya bila kurudi kwenye lugha ya zamani.

Jambo jingine ni amana. Fikiria kompyuta ya mwalimu yenye daftari la wanafunzi, namba za simu za wazazi, orodha ya waliolipa ada na mtihani wa wiki ijayo. Kama diski nzima imefunguliwa, mwanafunzi aliyekwenda kuchukua darsa ya tajwid ataukuta mtihani umelala hapo hapo. Huo ni mtihani juu ya mtihani! Tena tangu Mei 2023 inatumika hapa nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watu si za kuachwa wazi ovyo.

Kwa hiyo shika kanuni hizi:

(i) Shirikisha folda moja maalumu, si diski nzima.
(ii) Toa ruhusa ya kusoma tu. Ya kuandika mpe anayeihitaji kwa kazi.
(iii) Ondoa humo kila kisichowahusu wengine: mitihani, hesabu za biashara, vyeti na picha za faragha.
(iv) Badilisha neno la siri la ruta lililotoka nalo dukani. Na neno la waifai mkilitoa kwa majirani, jueni kuwa mmewaingiza mtaani kwenu.
(v) Weka nakala ya faili muhimu kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Folda ya kushirikiana si akiba. Kirusi kinachofunga faili za kompyuta moja huweza kuzifunga na za folda hiyo.

Wanafunzi wa madrasa mmefundishwa adabu ya kubisha hodi na kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Msipofunguliwa, mnarudi. Folda ya mwenzako ni chumba chake. Ukiikuta wazi kwa bahati mbaya, adabu ni kumjulisha aifunge. Si ruhusa kupekua.

JIPIME

1. Kompyuta A ina namba 192.168.1.5 na kompyuta B ina 169.254.20.8. Ipi ina tatizo, na utaanza wapi?
2. Folda inafunguka kwa namba lakini haifunguki kwa jina. Je, ngome ndiyo yenye kosa?
3. Baba amebadilisha neno la siri la kompyuta ya sebuleni. Laptopu ya dada inakataliwa, na ya kaka, ambayo haijawahi kuingia humo, inakubaliwa. Kwa nini?
4. Umeme ulikatika usiku, asubuhi njia ya mkato yenye namba haifunguki. Taja sababu inayowezekana na dawa yake ya kudumu.

Majibu: (1) Ni B, haikupata namba kutoka kwenye ruta, anza na waya au waifai yake. (2) Hapana, mlango unapitika, kilichopotea ni jina. (3) Laptopu ya dada bado inatumia neno la siri la zamani lililohifadhiwa, lifutwe. (4) Huenda ruta imempa mwenyeji namba mpya. Atengewe namba ya kudumu kwenye ruta.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, tumeona kwamba faili zikikataa kupita tunaangalia njia, namba, jina, mlango, lugha na ufunguo, kwa zamu, bila kuruka. Kata ukurasa huu au unakili mambo hayo sita kwenye karatasi, uyabandike karibu na ruta. Siku tatizo likitokea, wakusanye wadogo zako muyapitie pamoja hatua kwa hatua kabla ya kuibeba kompyuta kwenda kupigwa Windows. Na mkilazimika kwenda kwa fundi, mwambieni mmefika hatua ipi. Fundi mwema atawashukuru, kwa kuwa mmempunguzia kazi, nanyi mtarudi na faili zenu salama.

Wabillahi tawfiq.